Kompyuta Iko Mombasa, Mwenyewe Yuko Mbwajumali

Umerudi likizo Mbwajumali, kisiwani Pate, ndipo unakumbuka kuwa tasnifu yako imebaki katika kompyuta Mombasa. Utapanda tena mashua hadi Mokowe, kisha basi, kwa ajili ya kubonyeza kitufe?

Si lazima. Tangu miaka ya 1990 ziko kompyuta zinazoamshwa kwa ujumbe mfupi wa baiti 102, unaorudia anwani ya kadi ya mtandao mara 16. Kompyuta hulala, kadi hukesha. Lakini sharti umeme uwepo, kadi iwe imeruhusiwa kungoja wito, na ujumbe utoke kwenye chombo kilichomo katika mtandao wa nyumba hiyo.

Kompyuta iliyoganda ni jambo jingine: imewaka, ila haisikii. Hiyo huhitaji soketi inayoamrishwa kwa simu: kata umeme, ngoja kidogo, rudisha. Nayo iwe imepangwa kuwaka yenyewe umeme urudipo. Kumbuka, kazi isiyohifadhiwa itapotea.

Yote haya hutayarishwa kabla ya safari. Ukisahau, mwombe jirani mwenye ufunguo. Na nakala ya tasnifu usafiri nayo: tahadhari kabla ya hatari.