Mfanyakazi Afundishwe Kabla Mashine Haijashushwa

Ndugu Mhariri,

Katika mdahalo wetu wa muhula huu hoja ilikuwa kwamba mashine mpya zina hasara kuliko faida kwa wafanyakazi. Upande wa kukubali ulishinda kwa kura chache. Mimi sikupata nafasi ya kusema, maana kengele ya chakula ililia. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu. Naona pande zote mbili zilikosa jambo moja. Wa kwanza walisema mashine zizuiwe. Wa pili walisema mfanyakazi abadilike. Hapana aliyeuliza: abadilike lini, na ni nani atakayemfundisha?

Tutazame kazi ya bandari. Zamani meli kubwa zilipofika Dar es Salaam zilitia nanga majini, shehena ikashushwa katika matishari, ndipo ikaletwa pwani. Gati za maji marefu zilifunguliwa mwaka 1956. Hata baada ya hapo, marobota ya katani na magunia ya kahawa yalipita mabegani mwa makuli, moja moja. Lakini mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, nayo imebeba masanduku 58 ya chuma. Mwenye shauri hilo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori, si wa meli. Kupakia tani moja ya shehena kwa mikono kuligharimu karibu dola 6; kwa masanduku yale, senti 16 hivi. Mtu ajuaye hesabu angeweza kutambua siku ile kwamba kazi ya kuli imeingiliwa.

Katika bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli chini ya Harry Bridges hakikungoja. Mwaka 1960, kabla makontena hayajaenea, kilipatana na matajiri. Makuli walikubali mashine ziingie. Matajiri nao walikubali kutoa dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na nusu, ili wazee wastaafu kwa heshima na walioandikishwa wasiachishwe kazi. Mapatano hayo hayakuwa kamili, kwani vibarua wasioandikishwa hawakupata fungu. Hata hivyo yalifanywa mapema, na mfanyakazi alikuwapo mezani.

Babu yangu mzaa mama hakuwapo mezani. Alikuwa kuli wa bandari miaka ya 1980. Asema kwamba yeye na wenzake waliijua winchi mpya siku waliyoiona imesimama gatini. Nguvu walikuwa nazo, akili walikuwa nazo, na wengine walijua kusoma na kuandika. Walichokosa ni miezi michache ya mafundisho. Waendeshaji waliletwa kutoka kwingine, na babu akarudi Rufiji kulima mpunga. Watu husema kazi yake ilichukuliwa na mashine. Mimi nasema ilichukuliwa na ukimya.

Haya si mambo ya kale tu. Huko Rotterdam, Uholanzi, tangu mwaka 1993 yapo magari yanayobeba makontena bila dereva. Hata yule aliyemwondoa kuli naye aondolewa. Na safari hii mashine haikuishia mabegani, imeifikia kalamu. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kila mtu ameona kwamba akili mnemba yaweza kuandika barua na kufupisha ripoti kwa nukta chache. Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne hutamani kazi ya mezani wakidhani ni kinga. Wanajidanganya. Karani wa leo yupo pale alipokuwa kuli wa jana.

Mfanyakazi afanye nini basi? Kwanza, aijue kazi yake nzima, si kipande chake tu. Karani ajuaye kunakili hati ataondoka. Lakini karani ajuaye sheria za forodha ataweza kuona mahali mashine ilipokosea, kwa sababu mashine huandika lakini haiwajibiki. Pili, ajifunze angali ana mshahara. Vyuo vya VETA hufundisha kozi fupi, na samaki hukunjwa angali mbichi. Tatu, aingie katika chama cha wafanyakazi, tena aende mkutanoni.

Lakini si haki kumtwika mfanyakazi mzigo wote peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa na kushauriana nao. Yataka pia kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mpaka miaka 10. Hizo ni siku 70. Nani awezaye kujifunza ufundi mpya, na kulisha watoto, kwa siku 70? Mashauriano ya siku ya kufukuzwa yamechelewa. Yangefaa yafanyike siku mashine inapoagizwa, na fedha za kuwafundisha watu zihesabiwe pamoja na bei ya mashine yenyewe, kama vile mafuta na vipuri vinavyohesabiwa.

Najua watakaonijibu kwamba tajiri hana wajibu wa kuwa mwalimu. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka ishirini aujua uzito wa shehena, hila za bahari na tabia za wenzake. Kumwacha aende na maarifa hayo ni hasara kwa tajiri pia.

Kwa wenzangu wa madarasa ya chini, msiudharau mkondo wa amali ulioanza na mtaala mpya mwaka 2024, wala msiikimbie hisabati. Na kwa Chama chetu cha Mdahalo natoa shauri moja: muhula ujao tumwalike Ofisa Kazi pamoja na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, waje tuwaulize maswali haya uso kwa uso. Tutakuwa tumebakiwa na miezi michache tu kabla ya kwenda kutafuta kazi.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha IV