Majitu ya Mkalama na Mabao ya Japani

Mnadani Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, nilimkuta kijana aliyevaa fulana yenye shujaa wa katuni za Kijapani akipambana na zimwi. Nilimuuliza kama analijua jitu lolote katika hadithi za bibi yake. Alicheka tu.

Shujaa yule ana nasaba ndefu. Katika karne ya 19, mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, Utagawa Kuniyoshi alichora wapiganaji na mizuka. Mchongaji aliuchonga mchoro katika ubao, na mpiga chapa akaupaka rangi na kuutoa karatasi baada ya karatasi. Bei ilikuwa ndogo, hata fundi na mchuuzi waliimudu.

Kwa kuwa picha hizo zilikuwa mikononi mwa umma, watawala walizitilia shaka. Mwaka 1843, wakati wa amri kali za Tenpo, Kuniyoshi alimchora shujaa Raiko akiugua kitandani, walinzi wake wakicheza bao la Kijapani, huku Buibui wa Ardhi na jeshi la mizuka wakimnyemelea. Watu wa Edo hawakuhitaji mkalimani. Walimwona mgonjwa yule kuwa ndiye shogun, na mizuka kuwa raia walioumizwa na amri zake. Mchapishaji akaiondoa picha sokoni.

Nasi hatukosi mizuka. Wachongaji wa Kimakonde waliyatoa mashetani katika mpingo, na George Lilanga akayatia rangi. Lakini sehemu kubwa ya sanaa hiyo huishia katika mizigo ya watalii. Hadithi za Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi papa hapa Mkalama, zilikusanywa na Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, kisha zikachapishwa kwa Kijerumani. Mtoto wa Munguli akitaka kuzisoma katika kitabu hicho, sharti ajue lugha ya mbali.

Simlaumu kijana wa fulana. Amevaa alichokikuta sokoni. Nawalaumu wenye bajeti za utamaduni, wanaodhani utamaduni ni ngoma ya kumpokea kiongozi. Kijitabu cha Kiswahili chenye picha, cha bei ya daftari, kinawezekana. Wazee wasimulie, vijana wachore, shule zisome. Wala majitu hayo yasing'olewe meno ili kumridhisha mkubwa yeyote: jitu linalokula jasho la wanyonge wasomaji watalitambua wenyewe, kama walivyotambua watu wa Edo.