Saa Moja kwa Wiki

Takwimu za kazi zinapotangazwa hapa Kenya, wakubwa hushangilia na vijana hucheka. Utafiti wa matumizi ya nyumbani wa 2015/16 ulionyesha kuwa wasio na kazi ni asilimia 7.4 ya nguvukazi yetu. Asilimia saba! Kijana wa Kayole anayeamkia kwenye lango la mjengo kila siku akirudishwa, aliposikia hayo alidhani anatukanwa.

Hakutukanwa, wala makarani wa utafiti hawakudanganya. Walifuata kanuni waliyokubaliana watakwimu wa dunia huko Geneva mwaka 1982, chini ya Shirika la Kazi Duniani: aliyefanya kazi ya malipo au faida walau saa moja katika wiki inayoulizwa, huyo ana kazi. Mama aliyefulia watu nguo Jumanne, kisha akakaa hadi Jumapili bila kuitwa tena, ana kazi. Aliyetafuta mpaka akakata tamaa naye haingii katika hesabu ya wasio na kazi. Anawekwa kando kabisa. Nisiseme kanuni hii ni ya kipumbavu, maana ilitungwa ili kila jasho linaloingia katika pato la taifa liwe na mwenyewe. Ubaya ni kuitumia peke yake, kama daktari anayepima afya ya mgonjwa kwa kuuliza tu kama anapumua.

Mwaka 2015 Uhispania ilikuwa na wasio na kazi zaidi ya asilimia 20. Je, kazi ni tele kwetu kuliko kwao? Hasha. Kule asiye na kazi aweza kupata posho ya serikali akaendelea kutafuta. Hapa maskini hana nafasi ya kukaa bure. Atauza njugu, atabeba mizigo Gikomba, atapata shilingi mbili tatu, naye ataandikwa kuwa ameajiriwa.

Haya tulishaambiwa zamani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika hilohilo, ukiongozwa na wachumi Hans Singer na Richard Jolly, ulikuja kuchunguza ukosefu wa kazi Kenya. Ulikuta kwamba donda kubwa si waliokaa bure, bali watu wanaofanya kazi kwa bidii na bado hawashibi. Ripoti yao ndiyo iliyoitangazia dunia habari za sekta isiyo rasmi, yaani mafundi na wachuuzi ambao wakati huo vibanda vyao vilikuwa vikibomolewa. (Ubomoaji wenyewe haujaisha hadi leo.) Ukiacha wakulima wadogo, sekta hiyo sasa inabeba zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi wa Kenya. Basi kwa nini tungali tunabishana juu ya tarakimu moja?

Mwaka 1998 watakwimu walikubaliana namna ya kuwahesabu pia wenye saa chache za kazi wanaotaka kuongezewa na walio tayari. Vyema, lakini saa nazo hazitoshi. Mtu wa bodaboda anayetoka alfajiri na kurudi usiku, nusu ya pato ikiishia kwenye mkopo wa pikipiki, hana upungufu wa saa. Ana upungufu wa shilingi, na kwa hesabu ya saa yeye ndiye mzima kuliko wote.

Wahariri, msichapishe asilimia ya wasio na kazi bila kuweka kando yake saa na mapato. Wabunge, waziri akija na tarakimu yake nzuri, muulizeni wangapi walioajiriwa wanaomba kazi zaidi. Nanyi wananchi, karani akibisha hodi msimwambie kwa mkato "sina kazi" kwa kuwa hamna barua ya ajira, wala "ninayo" kwa kuona haya mbele ya jirani. Majibu yenu ni siri kwa mujibu wa sheria. Ukilima shamba la mtu siku mbili ukalipwa unga, sema hivyohivyo, na umtajie zile siku ulizongoja kuitwa usiitwe.