Sauti za Wazee Zisitupotee

Nyumba nyingi za Mwambao zina kasha la kanda za kasida, mawaidha na taarabu. Utepe huharibiwa na joto na unyevu, na sauti ya marehemu ikishafutika hairudi.

Dawa ipo, wala si ghali. Kanda zikishanakiliwa kwenye kompyuta, Jellyfin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018, huzipeleka kwenye simu na televisheni za nyumbani bila ada ya mwezi.

Basi tununue chombo gani? Kwa sauti peke yake, Raspberry Pi 4 yatosha, nayo hula umeme kidogo. Lakini mwenye video za harusi na maulidi asihadaike na udogo wake. Video isiyopatana na televisheni hubidi igeuzwe papo hapo, na Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 haina kipande maalumu cha kazi hiyo. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha tumika, yenye Intel Core ya kizazi cha 7 au cha baadaye, yaimudu.

Fedha itakayosalia inunue diski ya pili, kwani nakala moja haiaminiki. Hizi ni amana tulizoachiwa. Ndugu zetu, usiache mbachao kwa msala upitao.