Tufaha Linawaka, Kazi Imelala: Nani Kawaambia Laptop ya Mtumba ni Aibu?

Kuna staa mmoja wa Insta, jina kapuni, ambaye akipiga picha mgahawani lazima laptop iwe mezani, imefunguliwa nusu, mgongo ukiangalia kamera ili lile tufaha linalowaka lionekane vizuri. Wafuasi wanamwaga moto na makofi. Hakuna anayejiuliza kaswali kadogo tu: mbona hilo tufaha bado linawaka? Apple waliacha nembo inayowaka kitambo, na MacBook Air ya 2017 ndiyo ya mwisho kuwa nayo. Yaani hayo yanayoitwa maisha ya juu ni laptop iliyotumika, na mfumo wa mwisho ambao Apple wanauruhusu kwenye mashine hiyo ni Monterey, uliotoka 2021.

Sio kosa, jamani. Ni mtumba kama mitumba mingine, na kwa kuandika kepsheni na kucheki Netflix inatosha kabisa. Kinachokera ni mbwembwe za kuifanya ionekane imetoka dukani jana. Kwa sababu kuna watu wanaangalia hizo picha na kuziamini, na wengine wako Nyololo.

Kwa wasioijua, Nyololo ndiyo ile unayopita ukiwa kwenye basi la Mbeya, baada ya Mafinga na kabla ya Makambako, pale barabara inapochepuka kwenda Igowole na Mtwango kwenye chai. Wengi huwa wamelala. Kijana mmoja wa hapo ana steshenari ya chumba kimoja: printa, mashine ya kopi, na laptop moja inayobeba biashara yote. Barua za kuomba kazi zinaandikwa hapo. Dirisha la mikopo ya HESLB likifunguliwa katikati ya mwaka, madogo waliomaliza kidato cha sita wanakuja kujaziwa fomu. Uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, Ajira Portal, namba za NIDA, vyote vinapita kwenye mashine ile ile.

Laptop yake ya zamani ilipokufa akafanya wanachofanya wote, akaingia Insta. Tangazo la Kariakoo: i7, nyembamba, safi kama mpya, refurbished. Akauliza, "Kaka, haina shida yoyote?" Akajibiwa, "Boss wangu, hiyo mashine ya mzungu, we tuma hela, kesho iko kwenye basi." Akatuma laki tano na nusu kwa simu. Kesho yake kweli kondakta akamkabidhi boksi. Mashine ikawaka, ikang'aa, akapiga picha akaweka status.

Wiki tatu baadaye ikaanza kuwa nzito, akaamua kuirudisha Windows upya. Ilipowaka na kushika intaneti ikamkaribisha kwa jina la kampuni fulani ya Ulaya na kumtaka aweke barua pepe ya kazini. Kumbe laptop ilikuwa haijawahi kutolewa kwenye daftari la hiyo kampuni. Makampuni mengi makubwa yanasajili laptop za wafanyakazi kwa Microsoft, kila moja na utambulisho wake, ili ikiibiwa isimfae mwizi. Unaweza kufuta kila kitu ndani, lakini ikigusa mtandao inakumbuka kwao. Wa kuiachia ni kampuni yenyewe. Fundi atakwambia anajua njia ya kuizungusha kwa kuiwasha bila mtandao, na mara nyingi kweli inapita, ila umebaki na mashine ambayo siku ukiirudisha upya tena inaanza kumtafuta bosi wake.

Muuzaji alivyotafutwa akasema mzigo ukishatoka dukani haurudi. Na ilikuwa ni msimu wa maombi ya mikopo.

Hapa ndipo watu wa mjini wanapokosea wakidhani laptop ya mtumba ni habari moja kwa wote. Mtu wa Sinza akipigwa, anapanda daladala, saa nne asubuhi kasimama mlangoni kwa muuzaji anaongea kwa sauti mpaka wateja wengine wanageuka. Mtu wa Nyololo yuko zaidi ya kilomita 500. Nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, siku mbili tatu chumba kimefungwa. Hesabu hiyo muuzaji anaijua vizuri kuliko mnunuzi. Kwa hiyo anayetakiwa kuuliza maswali mengi kabla ya kutuma hela ni huyu wa mbali, lakini ndiye anayeuliza machache. Sababu kubwa ni aibu. Kuuliza betri imebaki asilimia ngapi ni kukiri kwamba unanunua kitu ambacho mwenzio alishakitumia.

Aibu ya nini sasa? Nchi hii watu wanaposti IST na mapambio juu, na ile gari imezunguka Japani miaka kibao kabla ya kupandishwa meli. Hakuna anayeona haya. Na akienda kununua gari anauliza kilomita, anachungulia chini, anakwenda na fundi wake. Ukija kwenye laptop, mtu huyo huyo anauliza rangi.

Upande wa pili kuna dada mmoja wa hapo hapo, anasoma chuo Iringa mjini. Alijibana na boom lake mpaka akapata ThinkPad T480, ile nyeusi, nene, haina sura. Siku ya kwanza darasani wakaiita tofali. Ni mashine ya 2018, zamani ilikuwa ya maofisini, na ukiijua utaacha kucheka. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Umeme ukikatika na betri ya nje ikiisha, unaichomoa unaweka nyingine yenye chaji, mashine haizimi. RAM inaongezeka, diski inabadilishwa, kibodi ikifa inauzwa peke yake. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja ikipotea huhitaji kwenda kuitafuta Dar. Kwa mtu anayerudi likizo Nyololo, ambako ile baridi ya Juni haina mchezo na fundi wa maana yuko Mafinga au Makambako, laptop inayofungulika ni mali. Zile nyembamba za kupigia picha, nyingi RAM imegandishwa kwenye ubao wake; ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Tofali halina wafuasi. Ila wale waliocheka ndio wanaoliazima siku ya kukabidhi ripoti ya field.

Kuna wanaosema bora kipya chochote kuliko mtumba. Wazazi wengi wako huku, na ni kwa nia njema: mtoto kafaulu, apewe kitu kwenye boksi. Tatizo ni kile kinachopatikana kwa bei hiyo hiyo kikiwa kipya. Mara nyingi ni Celeron yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo Windows na masasisho yake wanaweza kuimaliza kabla mtoto hajahifadhi hata notisi za muhula mmoja. Inanukia upya kweli. Lakini fungua Word, Zoom na kurasa tano za intaneti kwa pamoja halafu uone. Laptop ya ofisini ya miaka sita, yenye SSD na RAM ya GB 8, itaiacha mbali.

Sasa hii ya "i7", maana ndiyo iliyomchanganya kijana wa steshenari na wengine kibao. Stika ya i7 peke yake haisemi kitu. Angalia tarakimu zinazofuata. i7-4600U ni kizazi cha nne, ya 2013, ina viini viwili. i5-8350U ni kizazi cha nane, ya 2017, ina viini vinne. Hiyo i5 inaifunika i7 mchana kweupe, lakini kwenye tangazo i7 inaandikwa kwa herufi kubwa na vimoto pembeni, na kizazi hakitajwi kabisa. Muuzaji anayeandika "i7" bila namba kamili, mwombe picha ya skrini. Akizungusha maneno, umepata jibu.

Kizazi cha nane kina maana nyingine. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa vichache vya kabla ya hapo, pamoja na kile kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Makampuni huko nje yakatoa ofisini maelfu ya mashine zisizokidhi, na nyingine ndizo hizo zinakuja kuning'inizwa kwenye matangazo yetu. Wauzaji wajanja wanaisukumia Windows 11 kwa nguvu kwenye kizazi cha sita. Inawaka, inafanya kazi, ila Microsoft hawaitambui na masasisho makubwa huwa hayaji yenyewe. Kuiuza hivyo sio dhambi. Kuiuza hivyo bila kusema, ndiyo. Na isieleweke kwamba kizazi cha sita ni takataka: ikiwekewa Linux Mint, ambayo ni ya bure, itaandika barua na kujaza fomu za kwenye mtandao miaka kadhaa mbele bila malalamiko. Tatizo vijana wanaiogopa Linux kana kwamba ni mtihani wa NECTA.

Lingine ambalo halizungumzwi ni zile Office za kukraki zinazokuja "ofa" na laptop. Kwa mtu anayeangalia muvi, mzigo ni wake mwenyewe. Kwa mwenye steshenari ni habari nyingine, kwa sababu kwenye diski yake kuna vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na nywila za maombi ya mkopo za watoto wa kata nzima. Kraki huwa haiji peke yake, mara nyingi inakuja na mgeni wa kusoma unachoandika. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata ingekuwa haipo, mama aliyetoka shambani kuja kujaziwa fomu ya mwanae hajui kuwa anaacha siri zake kwenye mashine ya namna hiyo. LibreOffice ni bure, inafungua faili za Word, na haihitaji kraki.

Turudi kwenye kutuma hela. Kabla ya kuituma, muuzaji apigiwe simu ya video na laptop ikiwa imewaka mkononi mwake. Afungue ule ukurasa mweusi wa cmd, aandike powercfg /batteryreport, aifungue ripoti na asome mistari miwili: betri ilizaliwa na uwezo gani, na sasa ikijaa inafika wapi. Kama ilizaliwa na 50,000 na sasa inafika 20,000, hiyo betri utainunua wewe, basi bei ishuke. Halafu airudishe Windows upya na kuiunganisha na intaneti hapo hapo unaangalia. Ndiyo, inachukua muda. Kama ina bosi Ulaya itajitaja. Awashe pia akiwa anabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, maana nyingine zimefungwa nywila kule ambayo hata yeye haijui. Kwa MacBook za 2018 na kuendelea, aoneshe imetolewa kwenye akaunti ya iCloud ya mwenye nayo wa kwanza, la sivyo umenunua sahani ya bei mbaya. Kibodi iangaliwe pia: nyingine zimetoka Ujerumani, Z imekaa kwenye Y, na utajua hujui siku una haraka.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo, naye jina kapuni, alicheka alipoulizwa kwa nini hafanyi hivyo kwa kila mteja. Akasema wateja wenyewe hawataki, wanataka picha kali na waletewe haraka. Ana hoja nusu. Nusu nyingine ni kwamba neno refurbished limegeuzwa kuwa manukato. Maana yake ni mashine iliyofunguliwa, ikapimwa, kilichochoka kikabadilishwa, ikafutwa kabisa. Iliyopanguswa kwa kitambaa na kubandikwa stika mpya ya kibodi ni mtumba tu, na iuzwe kwa jina na bei ya mtumba. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Ila ukifika pale huna risiti ya EFD, huna namba ya mashine, una picha tu za chati za WhatsApp zenye "boss wangu", safari itakuwa ndefu.

Kwa hiyo risiti iandikwe namba ya mashine, kizazi cha prosesa, hali ya betri, na siku za waranti, na waranti hiyo iseme nani analipia basi la kurudisha. Hilo la basi ndilo wauzaji hawalipendi. Dukani wanasema "waranti mwezi mmoja" kwa sauti, lakini mwezi mmoja kwa mtu wa Nyololo bila nauli ya mzigo ni maneno matupu. Wapo wachache wa Miyomboni pale Iringa na Mwanjelwa Mbeya wanaokubali mteja akae na mashine dukani nusu siku kabla ya kulipa. Bei yao inaweza kuzidi ya Kariakoo kidogo, na kwa mwenye steshenari ya chumba kimoja hiyo nyongeza ni nafuu kuliko siku mbili za mlango kufungwa mwezi wa Julai.