Mama Mchungaji wa Mto Kongo

Katika safu hii mmezoea kunisikia nikieleza habari za kliniki, lishe ya watoto na magonjwa yetu sisi kina mama. Mwezi huu naomba ruhusa yenu nimkumbuke mama mmoja ambaye wengi wetu huku Bukoba na Muleba hatujawahi kulisikia jina lake. Aliitwa Rose Patience Edgerley, na baada ya kuolewa akaitwa Bibi Grenfell. Alikuwa mke wa mchungaji wa Kibaptisti, mama mzazi na mama mlezi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya ndoa aliyaishi kando ya mto Kongo, katika nchi iliyo ng'ambo ya jirani zetu wa Rwanda.

Mumewe, George Grenfell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1849, ameandikwa sana. Mwaka 1887 Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London kilimpa medali kwa kazi yake ya kuchora ramani za mito ya Kongo. Alipofariki, Sir Harry Johnston akatoa mwaka 1908 juzuu mbili kubwa zenye jina lake. Rose hakupata medali wala juzuu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: mzee mchungaji hupewa vazi jipya na picha ukutani, naye mama mchungaji huambiwa asante kwa chai.

Asili yake Rose ilikuwa Jamaika, kisiwa ambacho watu weusi wengi walipelekwa utumwani. Utumwa ulipokomeshwa huko katika miaka ya 1830, Wabaptisti wa Jamaika waliona mzigo wa kuipeleka Injili kwenye bara la wazee wao, na baadhi yao wakavuka bahari hadi pwani ya Afrika Magharibi. Huko Kameruni ndiko Rose alikokutana na Grenfell, ambaye alikuwa mjane. Mke wa kwanza wa Grenfell, Mary Hawkes, aliolewa mwaka 1876 na kufariki Kameruni mwanzoni mwa mwaka 1877, hata mwaka wa ndoa haujatimia.

Hapa nitasema jambo ambalo wasimulizi wa kanisani hupenda kulipita haraka. Rose alishika mimba kabla ya ndoa. Grenfell akajiuzulu kazi ya misioni, wakaoana mwaka 1878, na mwaka 1880 misioni ikamwita tena kwa sababu ya kazi ya Kongo. Sisi tunataka mama mchungaji awe yule mwanamke wa Mithali 31 tangu siku anayoshuka kwenye gari la harusi. Rose aliingia katika utumishi watu wakiwa tayari wana la kusema, tena yeye mwanamke mweusi katikati ya wamisionari Wazungu. Mimi naona habari hiyo haimpunguzii kitu. Inatuonyesha tu alianzia wapi.

Huko Kongo misioni ilikuwa na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Peace. Ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, wapagazi wakaibeba kupita maporomoko ya maji, ikaungwa upya na kuanza safari mwaka 1884. Mwaka uliofuata, Grenfell alipopanda mito ya Lulonga na Busira, Rose alikuwemo melini pamoja na binti yao mdogo, Pattie. Kuna mahali walirushiwa mishale kutoka ukingoni. Mama uliyewahi kwenda kisiwani Bumbire kwa mashua ukiwa na mtoto mgongoni, unajua mwenyewe kazi ya uji, nepi na homa ya usiku penye upepo. Ongeza na mishale.

Lakini lililonigusa zaidi kama muuguzi ni makaburi. Watoto kadhaa wa Rose walifariki wakiwa bado wadogo. Pattie alikua, akasomeshwa Ulaya, akarudi Kongo kuwasaidia wazazi wake, na mwaka 1899 homa ikamchukua naye akiwa msichana mbichi. Tukumbuke kwamba hadi mwaka 1897, Ronald Ross alipoonyesha huko India kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, watu waliamini homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Kwa hiyo miaka mingi ya uzazi wake Rose alipigana na adui asiyemjua. Angeweza kumfunika mtoto asipate baridi, akafunga na dirisha, kumbe mbu yumo ndani.

Grenfell mwenyewe alifariki Basoko tarehe 1 Julai 1906 kwa homa ya mkojo mweusi. Hayo ni matatizo makubwa ya malaria: chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi mwilini na mkojo hutoka mweusi kama kahawa yetu ya Kagera. Zamani iliwapata hasa watu waliougua malaria mara kwa mara huku wakimeza kwinini leo na kuacha kesho.

Kwetu mambo yamebadilika. Wengi wenu mtakumbuka vyandarua vilivyogawiwa Muleba mwaka 2015 kwa ajili ya utafiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua vilivyoongezwa PBO, yaani kemikali inayovunja usugu wa mbu, walipata malaria kidogo kuliko wale wa vyandarua vya kawaida. Ipo dawa mseto. Ipo SP kwa mama mjamzito anapohudhuria kliniki.

Hata hivyo dawa haimfuati mtu jikoni. Namfahamu mama mchungaji mmoja wilayani Muleba aliyepata homa akiwa na mimba ya miezi saba, siku ile ile wageni wa semina walipofika. Alimenya ndizi siku mbili huku akimeza vidonge vilivyobaki vya mtoto. Siku ya tatu aliletwa kwetu hana damu, midomo myeupe, ikabidi aongezwe damu usiku huo huo. Mungu ni mwema, alipona na mtoto akazaliwa salama. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alinijibu, "Sista, wageni ningemwachia nani?" Katika usharika ule wako kina mama zaidi ya mia, na wote walikula zile ndizi. Nawauliza ninyi mnaosoma: mara ya mwisho kumpokea mama mchungaji wako kazi ya jikoni ili aende kliniki ilikuwa lini? Na alipofiwa, nani alikaa naye siku ya nne, waimbaji walipokwisha kuondoka?

Nirudi kwa Rose, maana sijamaliza habari za watoto wake wa kulea. Mmoja aliyekulia katika nyumba ya akina Grenfell ni Disasi Makulo. Alitekwa akiwa mtoto na watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, akakombolewa na Stanley mwaka 1883, na baadaye akapelekwa kwa Grenfell. Alipokua akawa mwinjilisti, akarudi kuhubiri kwa watu wake na kuanzisha kituo cha Yalemba. Alifariki mwaka 1941. Mwanawe aliandika habari za maisha yake, na kitabu kilitoka Kinshasa mwaka 1983. Kwenye jina la kitabu ametajwa Tippu Tip, na Grenfell ametajwa. Mama wa nyumba ile hayumo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya chanjo za watoto wachanga. Leteni kadi zenu za kliniki tuzisome pamoja.