Kikohozi kisichokwisha: si kila mara ni TB

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyetupa pumzi tunayoivuta usiku na mchana bila kuilipia.

Leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa tabibu katika kituo kimoja cha afya huku mlimani, bibi mmoja alikuwa akiletwa na mjukuu wake. Anakohoa, anahema, akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu. Nilimpima makohozi, hayana TB. Nikampa dawa za kuua vijidudu na dawa ya maji ya kikohozi. Baada ya wiki chache yuko tena kwenye benchi, nami nampa zile zile. Tulizungushana hivyo karibu mwaka mzima. Siku alipopata rufaa akapulizishwa kipimo cha mapafu, ndipo ikajulikana kuwa njia zake za hewa zimeziba, na hata akipewa dawa hazifunguki zote. Hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alikuwa amepika kwa kuni, katika jiko lenye mlango mmoja na lisilo na dirisha, tangu alipokuwa mwali.

Huu ndio ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao madaktari huuita COPD. Si pumu, kwa sababu pumu hubana ikaachia. Huu hubana na kubaki, na kila mwaka huongezeka kidogo. Si TB pia, ingawa mtu aliyepona TB anaweza kubaki na makovu ya mapafu yanayomsumbua vivyo hivyo. Huletwa na sigara, moshi wa kuni na mkaa, na vumbi la kazi kama la migodini. Hauambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 pekee uliua watu wapatao milioni 3.5.

Asiseme mtu kuwa ni ugonjwa wa Wazungu wavutao sigara. Wenzetu wa Uganda waliwapima watu wa vijijini Masindi wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watu 16 katika kila 100 walikuwa nao, na karibu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Je, jiko la Masindi lina tofauti gani na la Machame, Uru au Rombo, ambako baridi nayo hutufanya tufunge milango?

Alhamdulillahi, sisi wa Kilimanjaro hatuko mbali na wataalamu. Kibong'oto, kule Siha, inahudumia wagonjwa wa kifua tangu mwaka 1926. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na ina hata chuo cha fiziotherapia. Wataalamu wa mapafu wanatufundisha mambo matatu: mgonjwa apulizishwe kipimo badala ya kukisiwa, apewe dawa ya kuvuta, na afanyishwe mazoezi. Hili la mazoezi wengi huliona la ajabu, kwani mtu anayehema tumezoea kumwambia alale. Lakini Kampala, wagonjwa waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB walifanyishwa mazoezi kwa wiki sita, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Maoni yangu ni haya: elimu ipo, ila imekaa hospitali kubwa, na mgonjwa amekaa kijijini. Sisi matabibu wa ngazi ya chini ndio mlango, na mlango umefungwa. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayana TB na bado anakohoa na kuhema asirudishwe nyumbani na chupa ya tatu ya dawa ya maji. Aandikiwe rufaa akapulizwe. Serikali nayo ihakikishe dawa ya kuvuta haikosekani kwenye zahanati. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na kwa maradhi sugu kama haya ndipo itakapopimwa.

Nasi Waislamu tuna sehemu yetu. Kwanza jikoni: toboa dirisha mkabala wa mlango, tumia kuni kavu, na ukiweza hamia kwenye gesi. Mwenye kifua asifukiziwe udi wala ubani, na siku ya shughuli asiwekwe kwenye masufuria ya pilau. Sigara ni kujiangamiza kwa mkono wako, na Allah (s.w.) ametukataza hilo katika Suratul-Baqara, aya ya 195.

Pili, Ramadhani. Kila mwaka naona wagonjwa wanaoacha dawa ya kuvuta mchana, wakaishia kuletwa usiku wamezidiwa. Masheikh wametofautiana: wako wanaosema haifunguzi, na wako wanaosema inafunguza. Muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama, na daktari wako pia. Lakini kwa kauli yoyote utakayoifuata, ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 na 185 za sura hiyo hiyo. Hakuna kauli inayokutaka ufe na dawa mfukoni. Vivyo hivyo, asiyeweza kusimama katika swala na aswali ameketi.

Tatu, kamati za misikiti. Tunachangia mazulia na vipaza sauti, na ni jambo jema. Basi tuchangie pia nauli ya rufaa na dawa ya kuvuta kwa masikini wa jirani. Hata kifaa cha kusaidia dawa ifike kifuani si lazima kiwe cha ghali. Mwaka 1999 wataalamu wa Afrika Kusini walionyesha kwa watoto wenye pumu kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri, hufanya kazi hiyo. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe.

Yule bibi mapafu yake hayakurudi. Lakini kwa dawa sahihi aliacha kulala ameketi. Mwaka niliompotezea ndio unaonifanya niandike. Nyumbani kwako, nani anakohoa tangu mwaka jana?

Wabillahi tawfiq.